Kipimo cha Maji ya Tangi Kichaguliwe kwa Uamuzi Kitakaoutumikia

Sanduku la vipimo vya maji huuzwa kwa hesabu ya vipimo vilivyomo. Lenye vitano hushindwa na lenye saba, na karatasi moja ya kuchovya inayoahidi majibu tisa kwa dakika moja huonekana kuyashinda yote. Ulinganisho huo humpotosha mnunuzi. Maji ya tangi la samaki yana vitu vingi vilivyoyeyuka, na vilivyo vingi mfugaji anaweza kuishi navyo bila kuvijua. Vichache tu ndivyo vinavyoua, na vichache hivyo hutofautiana kulingana na maji yenyewe: ya mto, ya ziwa, ya kisima au ya bahari. Hoja yangu katika safu hii ni kwamba kipimo kinachostahili pesa zako ni kile ambacho jibu lake linaweza kukufanya ubadilishe jambo leo: umwage sehemu ya maji, upunguze chakula, uongeze bikaboneti, au uahirishe kununua samaki mwingine. Kipimo ambacho jibu lake lolote litakuacha ukifanya yaleyale ya jana ni pambo la rafu. Tena kipimo kinachogusa jambo lenyewe lakini hakioni vizuri pale hatari inapoanzia kina madhara zaidi, kwa sababu humpa mfugaji utulivu usio na msingi.

Tuanze na amonia, adui mkuu wa tangi jipya. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua saa zote, na mabaki ya chakula na kinyesi kinachooza huongeza nyingine. Bakteria wanaoishi kwenye chujio na changarawe huigeuza kuwa nitriti, kisha nitriti hugeuzwa kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Kwa miaka mingi vitabu vya ufugaji vilisema hatua ya pili ni kazi ya bakteria waitwao Nitrobacter; utafiti wa Timothy Hovanec na wenzake uliochapishwa mwaka 1998 ulionesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na bakteria wa kundi la Nitrospira. Wawe kundi lolote, kwa kawaida huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga kiasi cha kutosha, na katika wiki hizo samaki huogelea ndani ya taka zao wenyewe. Hapo kipimo cha amonia kina kazi ya wazi kabisa, kwa kuwa jibu lake linaamua kama maji yabadilishwe jioni ya leo au yasubiri hadi kesho kutwa.

Ugumu ni kwamba amonia ina sura mbili majini. Moja ni amonia huru, ambayo hupenya matamvua na kuingia kwenye damu. Nyingine ni amoniamu, yenye chaji, ambayo haipenyi kwa urahisi. Karibu vipimo vyote vya matone husoma jumla ya zote mbili, na kinachoamua mgawanyo wake ni pH na joto. Katika maji baridi yenye nyuzijoto 25, amonia huru ni karibu asilimia 0.57 ya jumla pH ikiwa 7, karibu asilimia 5.4 pH ikiwa 8, na karibu asilimia 36 pH ikiwa 9. Chukua kadi ya rangi ya kampuni ya API, ambayo baada ya sifuri huruka hadi miligramu 0.25 kwa lita. Rangi hiyo ikionekana kwenye tangi la pH 7, amonia huru ni takriban miligramu 0.0014 kwa lita. Ikionekana kwenye tangi la pH 9, ni takriban 0.09. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1978 kuhusu maji yanayofaa samaki wa maji baridi liliweka kikomo cha lazima cha amonia huru kuwa miligramu 0.025 kwa lita. Tangi la kwanza liko chini sana ya kikomo hicho, la pili limekipita zaidi ya mara tatu, na kadi imewaambia wafugaji wote wawili jambo lilelile. Kwa hiyo kipimo cha amonia bila kipimo cha pH ni nusu ya jibu, na anayenunua kimoja bila kingine hajakamilisha ununuzi wake.

Mfano huu una uzito wa pekee kwetu, kwa sababu baadhi ya samaki wanaopendwa zaidi na wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia wanatoka katika maziwa yetu. Tropheus na Neolamprologus wa Ziwa Tanganyika husafirishwa wakiwa hai kutoka Kigoma na Burundi. Mbuna wa Ziwa Nyasa na furu wa Ziwa Viktoria nao wamejaa kwenye matangi ya dunia. Maji ya juu ya Tanganyika yana pH karibu 9 na ualkali wa takriban digrii 18 za KH. Nyasa ni pole zaidi, pH yake ikiwa kati ya 7.7 na 8.6 na KH ya digrii sita hadi saba. Sasa itazame seti maarufu ya API ya maji baridi: ina vichupa viwili vya pH, kimoja kikisoma kuanzia 6.0 hadi 7.6 na kingine kuanzia 7.4 hadi 8.8. Kwa mfugaji wa mbuna inatosha. Kwa mfugaji wa Tropheus anayeiga maji ya kwao, kadi inaishia kabla ya maji yake kuanza kueleweka. Katika pH 8.8 robo ya amonia ni huru; katika 9.2 inakaribia nusu; na kadi hiyo itaonesha rangi ileile ya mwisho kwa zote mbili. Mfugaji huyo anahitaji kipimo cha pH kinachofika 9.5 au 10, hata kama sanduku alilooneshwa dukani lina vipimo vingi na bei nzuri.

Pana pia suala la mifuko ya safari, linalowahusu wasafirishaji wa Kigoma na wa pwani ya Kenya sawasawa na wanunuzi wao wa mbali. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa ya kaboni anayoitoa samaki kwa kupumua huyeyuka majini na kushusha pH, huku amonia ya jumla ikipanda saa baada ya saa. Kwa kuwa pH imeshuka, sehemu kubwa ya amonia hiyo iko katika sura isiyo kali. Mfuko ukifunguliwa, hewa ya kaboni hutoka, pH hupanda, na amonia iliyokuwa imetulia hugeuka sumu ndani ya muda mfupi. Mpokeaji anayepima pH na amonia ya maji ya mfuko mara tu anapoufungua anajua kama ana muda wa kuwazoeza samaki polepole au awatoe upesi. Vipimo viwili vinampa uamuzi. Orodha ndefu ya vitu vingine isingemwongezea chochote katika dakika hizo.

Baada ya kujua unachotaka kuona, uliza kipimo kinaona kwa njia gani. Kuna njia mbili kuu za kupima amonia kwa rangi. Ya zamani hutumia kitendanishi cha Nessler, ambacho hugeuka manjano. Kina zebaki, na katika maji ya bahari kalsiamu na magnesiamu huweza kukitia ukungu. Ya pili hutumia salisileti na hutoa kijani. Dawa nyingi za kuondoa klorini humpa mtumiaji wa Nessler rangi isiyoaminika. Salisileti huvumilia zaidi, ingawa nayo huendelea kuonesha amonia ambayo dawa imekwisha kuifunga, na mfugaji asiyejua hilo humwaga dawa zaidi na zaidi akifukuza rangi. Kwa sababu hizo, na kwa sababu ya zebaki inayoishia kwenye mfereji wa nyumba, salisileti ndiyo ya kuchagua. Muuzaji asiyejua seti yake inatumia ipi anaweza kufungua karatasi ya maelekezo: jibu la manjano tupu hadi rangi ya kahawia ni dalili ya Nessler, jibu linalotoka manjano kwenda kijani ni la salisileti.

Nitriti inaonesha vizuri zaidi kwa nini kipimo hakiwezi kuchaguliwa kabla ya maji kujulikana. Katika maji baridi nitriti huingia kwenye damu kupitia matamvua na kuharibu uwezo wa himoglobini wa kubeba oksijeni. Damu hugeuka rangi ya kahawia na samaki huhema juu ya maji wakati oksijeni majini ipo tele. Lakini nitriti hupita katika mlango uleule unaopitisha kloridi, na kloridi ikiwa nyingi huiziba njia. Maji ya bahari yana takriban gramu 19 za kloridi kwa kila kilo, wakati maji laini ya mlimani huwa na kiasi kidogo mno. Ndiyo maana nitriti ambayo ingemwua samaki wa mtoni humwacha samaki wa baharini bila madhara makubwa, na ndiyo maana mfugaji wa maji baridi aliyeona nitriti anaweza kuwasaidia samaki wake kwa chumvi kidogo huku akibadilisha maji. Kwa maji baridi, basi, kipimo cha nitriti ni cha lazima katika miezi ya mwanzo. Kwa maji ya bahari kazi yake kubwa ni kukulinda usidanganywe na kipimo cha nitrati: vipimo vya nitrati huigeuza nitrati kuwa nitriti kwa unga wa metali, mara nyingi zinki, halafu hupima nitriti hiyo. Nitriti iliyokuwepo tangu awali husomeka humo pia, na kiasi kidogo chake huweza kuonekana kama nitrati nyingi. Unga huo wa zinki, kwa njia, hukaa chini ya kichupa. Asiyekitikisa kwa nguvu kama maelekezo yanavyotaka hupata nitrati ndogo kuliko iliyopo.

Kuna kipimo kimoja ambacho naamini kimedharauliwa kuliko vyote katika maji baridi, nacho ni cha ualkali, unaoandikwa KH. Seti ya API niliyoitaja ina pH mbili, amonia, nitriti na nitrati; KH haimo. Angalia maana ya pengo hilo kwa mfugaji wa Nairobi anayetumia maji laini yanayotoka milima ya Aberdare kupitia bwawa la Ndakaini. Bakteria wanapogeuza amonia kuwa nitrati hula ualkali: kila miligramu moja ya nitrojeni hutumia takriban miligramu 7.14 za ualkali uliohesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Nitrati ikijilimbikiza hadi miligramu 40 kwa lita, kiwango ambacho wengi hukiona cha kawaida, nitrojeni iliyopita njia hiyo ni kama miligramu 9, na ualkali ulioliwa ni kama miligramu 64, sawa na digrii 3.6 za KH. Maji yaliyoanza na digrii tatu yamekwisha kufilisika kabla ya kufika huko, isipokuwa kama mimea, mawe ya chokaa au ubadilishaji wa maji umeyaokoa. Ualkali ukiisha pH huporomoka, na pH ikishuka chini ya 6 bakteria wenyewe hulegea, amonia ikaanza kupanda tena katika tangi lililokuwa limetulia kwa mwaka mzima. Kipimo cha pH kitakuonesha anguko likiwa limetokea; cha KH kinaliona likija wiki kadhaa kabla. Ni rahisi, ni cha bei ndogo, na husomwa kwa kuhesabu matone hadi rangi igeuke, jambo ambalo hata asiyetofautisha rangi vizuri huliweza zaidi kuliko kulinganisha kadi. Ukitaka usahihi zaidi, weka maji mara mbili ya kiasi kilichoelekezwa. Kila tone litasimama kwa nusu digrii badala ya digrii nzima.

Katika maji ya bahari kipimo cha kwanza hakina kichupa. Ni refraktomita ya kupima chumvi. Anayechota maji ya bahari karibu na midomo ya Sabaki, Wami au Rufiji wakati wa masika huchota maji yaliyochanganyika na ya mto, na anayetengeneza kwa chumvi ya dukani hutegemea mkono wake. Makosa ya chumvi huharibu vipimo vyote vinavyofuata, kwa sababu kalsiamu, magnesiamu na ualkali hupanda na kushuka pamoja nayo. Refraktomita nyingi za bei ndogo zimetengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi ya kawaida, na maji ya bahari ya gramu 35 kwa kilo huzipa usomaji wa takriban 36.5. Kwa hiyo irekebishwe kwa maji ya kiwango cha 35 yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Maji yaliyokenekwa huthibitisha sifuri peke yake.

Kwa mfugaji wa matumbawe, swali la pili ni kipi kipimwe mara nyingi na kipi mara chache, na kemia inajibu waziwazi. Matumbawe yenye mifupa hujenga kalsiamu kaboneti, na kwa kila digrii 2.8 za KH yanazotumia hutumia kama miligramu 20 za kalsiamu kwa lita. Bahari ina kalsiamu ya takriban miligramu 420, hivyo upungufu wa 20 ni sehemu ya ishirini tu, ambayo vipimo vingi vya matone huitambua kwa taabu. Digrii 2.8 kutoka katika KH ya 8, kwa upande wake, ni zaidi ya theluthi. Tukio ni moja, lakini katika KH linaonekana kwa sauti kubwa na katika kalsiamu ni mnong’ono. Pesa za kipimo bora zielekezwe kwenye KH, kipimwe kila siku chache. Kalsiamu ipimwe mara moja kwa wiki mbili au zaidi, na magnesiamu mara chache kuliko hapo. Ugumu wa jumla, unaojaza nafasi kwenye karatasi za kuchovya, usipimwe kabisa baharini: maji ya bahari yana zaidi ya digrii 350 za ugumu, na karatasi inaishia mbali kabla ya hapo.

Fosfati ndiyo inayofichua hatari ya kununua jina la kipimo bila kuuliza uwezo wake. Wafugaji wengi wa matumbawe hulenga fosfati chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Kipimo cha kadi ambacho hatua yake ya kwanza baada ya sifuri ni 0.25 hakiwezi kulisaidia lengo hilo hata kikiwa kipya na kikitumiwa kwa uangalifu wote. Mizani ya kupimia magunia ya mahindi haipimi dhahabu. Vifaa vya kielektroniki navyo havifanani. Fotomita ya kampuni ya Hanna aina ya HI713 imetangazwa na watengenezaji wenyewe kuwa na kosa la miligramu 0.04 kwa lita, pamoja na asilimia nne ya usomaji. Ikiandika 0.05, ukweli unaweza kuwa 0.01 au 0.09, na maamuzi ya namba hizo mbili yanapingana. Ndugu yake HI736 hupima fosforasi kwa sehemu kwa bilioni, ikiwa na kosa la sehemu 5 pamoja na asilimia tano, ambalo ni karibu miligramu 0.015 za fosfati. Vifaa hivi vinafanana kwa umbo; kimoja kinafaa kwa tangi la samaki tu, kingine kinafaa kwa matumbawe. Namba ya kosa imeandikwa kwenye karatasi ya kifaa, nayo ndiyo inayopaswa kusomwa kabla ya bei.

Baada ya uwezo kuna kizio. Nitrati huandikwa kwa njia mbili: kama nitrati yenyewe, au kama nitrojeni iliyomo ndani yake, na ya kwanza ni kubwa kwa mara 4.43. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya Shirika la Afya Duniani litumie kikomo cha nitrati cha miligramu 50 kwa lita katika maji ya kunywa huku Marekani ikitumia 10: la kwanza linahesabu nitrati, la pili linahesabu nitrojeni, na vikomo hivyo vinakaribiana. Anayesoma 10 kwenye kipimo cha nitrojeni akadhani ni nitrati ana maji yenye nitrati 44 na anajipongeza bure. Kabla ya kulinganisha namba yako na ya mwenzako au ya kitabu, hakikisha mnazungumza kizio kimoja.

Sasa pingamizi. La kwanza ni la karatasi za kuchovya: ni nafuu, ni za haraka, na mtu atapima mara nyingi zaidi kwa kitu rahisi kuliko kwa vichupa vinavyodai robo saa. Pingamizi hili lina haki yake. Karatasi inaweza kukuonesha kwamba KH ya bomba imebadilika au nitrati imepanda sana, na kipimo hafifu kinachotumika hukishinda kizuri kinachokaa kabatini. Lakini karatasi nyingi za majibu mengi hazina amonia, yaani kile kinachohitajika zaidi katika tangi jipya, na hatua zake ni pana. Kuna pia hali ya hewa yetu. Kutoka Tanga hadi Mtwara, Mombasa na Unguja, unyevu wa hewa huingia kwenye kopo kila linapofunguliwa, na karatasi iliyonyonya unyevu hubadilika rangi kabla ya kuchovywa. Karatasi itumike kama mlinzi wa getini: ikitoa ishara, kipimo cha matone ndicho kitoe hukumu.

Pingamizi la pili ni la wafugaji wazoefu wanaosema samaki mwenyewe ndiye kipimo. Jicho lililozoea ni mali, na hakuna kichupa kitakachokuambia kwamba samaki amejitenga au amepoteza hamu ya kula. Lakini dalili huja baada ya mwili kuumia, nazo hufanana: kuhema juu ya maji kunaweza kutokana na nitriti, amonia, joto au ukosefu wa oksijeni, na tiba zake ni tofauti. Jicho linasema lini upime. Kipimo kinasema ufanye nini. Ukweli mwingine ulio upande wa wazoefu ni kwamba tangi lililokomaa halihitaji amonia na nitriti kupimwa kila wiki. Hapo nakubaliana nao kabisa: nitrati na KH zinatosha, na vipimo vingine visubiri samaki mpya, chujio lililosafishwa kupita kiasi, dawa iliyotumika au kifo kisichoelezeka.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wapenda vifaa: kwa nini vichupa, wakati kuna kalamu za kielektroniki na maabara zinazopima elementi thelathini kwa sampuli moja? Kalamu ya pH ni nzuri, hasa kwa Tanganyika, mradi irekebishwe kwa maji ya kiwango ya 7 na ya 10 na ncha yake isikauke. Kalamu ya kupima jumla ya vitu vilivyoyeyuka ni nafuu na imeenea, lakini inahesabu bila kutaja majina. Amonia inayoua haiwezi kuonekana katika mamia ya namba zake. Maabara zinazotumia plazma huonesha elementi hata kwa viwango vidogo mno, na kwa matumbawe hilo lina faida. Hata hivyo plazma yenyewe haisomi KH, haitofautishi amonia na nitrati, na jibu linafika siku kadhaa baada ya maji kubadilika. Ni uchunguzi wa mara moja kwa miezi. Maamuzi ya leo yanabaki kwenye meza yako.

La nne ni la gharama, nalo ni zito kwa sababu vipimo vingi huagizwa kutoka nje na hukaa muda mrefu bandarini na dukani. Hapo hoja ya uamuzi inaokoa pesa. Mfano ni klorini: ikiwa unatia dawa ya kuondoa klorini kila unapobadilisha maji ya bomba, kipimo cha klorini hakitabadilisha unachofanya, basi usikinunue. Ugumu wa jumla wa maji ya bomba au kisima unaweza kupimwa mara moja na kurudiwa majira yakibadilika. Wafugaji watatu wanaweza kushirikiana kichupa kimoja. Na kipimo kilicholala kwenye joto kinaweza kujaribiwa kabla ya kuaminiwa. Kwa KH, yeyusha gramu tatu za bikaboneti safi ya sodiamu, ile ya waokaji, katika lita moja ya maji yaliyokenekwa, kisha chukua mililita 100 za mchanganyiko huo uongeze maji hayohayo hadi lita moja. Una maji ya KH 10. Kipimo kikisoma 7 au 13, kitupe. Usitumie magadi ya kuchimbwa, kwa kuwa mchanganyiko wake hutofautiana. Vichupa vifungwe vizuri, vikae mahali pakavu pasipo jua, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu yake.

Kwa hiyo ununuzi wenyewe uwe hivi. Mwenye maji laini ya bomba aanze na amonia, pH, nitriti na KH, kisha nitrati tangi likikomaa. Mwenye samaki wa Tanganyika ahakikishe pH yake inafika 9.5 au zaidi, na kila anapoona amonia yoyote katika pH hiyo achukulie kuwa ni dharura. Mwenye samaki wa bahari anunue refraktomita na maji yake ya kiwango kabla ya kichupa chochote, kisha amonia, pH, KH na nitrati. Mwenye matumbawe aongeze KH iliyo bora kuliko zote anazoweza kumudu, fosfati yenye kosa dogo, kalsiamu, na mwishowe magnesiamu. Na mbele ya kaunta, kabla ya kulipa, muulize muuzaji mambo manne: kipimo hiki kinaanza kuona wapi, kinaishia wapi, kinasoma kwa kizio gani, na kinaisha muda lini. Akishindwa kujibu na karatasi ya maelekezo nayo ikanyamaza, usilipe.